Pawa Saplai

Masunga wa Makoroboi ananisogezea boksi linalong'aa:
"Wati mia saba, dada, na taa za rangi."
Nalipima kiganjani. Jepesi kama andazi la juzi.
Shaba iko wapi humo ndani?

Mimi nachapa ratiba za misiba, na mitihani ya shule ya kata;
wati mia tatu zanitosha, na za akiba.
La zamani lilinguruma kama mashine ya kukoboa,
likila uniti za Luku, likizitema joto,
na nyuma ya pazia mama,
aliyekesha kiwandani akichuna minofu ya sangara,
anajigeuza mchana kutwa, kanga masikioni,
hasemi neno.

"Nipe lile la vumbi."
Limeng'olewa kompyuta ya benki. Zito,
feni yake pana, haina haraka.
Masunga anacheka: "Hilo halina hata taa!"
Halina.

Igogo, juu kwenye mawe,
nakaza skrubu nne, nawasha.
Kimya.
Nimepigwa?
Natega sikio: ndoo ya jirani inadondokewa na maji,
kioo kinaanza kupata rangi,
na mama, nyuma ya pazia,
anakoroma.