Kaa Moja tu la Moto

Nililijaza jiko kuni hadi mdomoni
kama mtoto anayelishwa kwa nguvu,
likanirudishia moshi.
Nikapuliza. Nikalia. Nikapuliza tena.
Saa kumi na moja alfajiri, Mbagala Kizuiani,
wateja wa uji wanapita na mabegi yao
na sufuria yangu bado inawaza.

Chambuso, fundi bati wa Mtongani,
aliyelikata jiko lile kwenye pipa kuukuu,
alikuja kudai salio lake, elfu nne.
Akachutama, akacheka mpaka nikamchukia.
"Dada, umeliziba pua. Litapumuaje?"
Akakomba jivu lililojaa chini ya wavu,
akatoa kuni tano, akaacha tatu,
nyembamba, za unene wa kidole gumba,
vichwa vimekutana, mikia imeachana,
na upepo akauachia njia yake kwa chini.
Moto ukanena, sauti ya kanga ikipepea kambani.
Moshi ukaondoka bila kuaga.

Salio hakupata siku hiyo. Alikunywa uji.

Tangu hapo nanunua kuni kwa masikio:
nazigonganisha mbele ya muuzaji.
Ikilia ko! ni kavu;
ikijibu bu, bado inakunywa maji, naiacha.
Za mvinje nazipasua, naziegemeza ukuta wa jua,
masika nazipandisha darini, chini ya bati,
wiki mbili kabla hazijaitwa.
Mbao za rangi sitaki hata za bure:
rangi haiungui, inahamia kifuani.
Na mafuta ya taa juu ya moto uliosinzia, simwagi.
Nilimwona Kibwana akirudi jikoni hana nyusi.
Pazia nililikata. Ndoo yenye ufa, iliyoshindwa maji,
nimeipa kazi ya mchanga, inakaa pale pale.

Hayo ni ya uani.
Ya chumbani nilijifunza mwezi wa saba.

Tuponile, mpangaji wa chumba cha tatu,
mtu wa Tukuyu, alilelewa na baridi.
Kwao, alisema, nyasi za paa hupitisha moshi taratibu.
Hapa chumba ni saruji;
dirisha kaziba kwa nailoni, mbu,
chini ya mlango tambara, panya.
Usiku ule wa manyunyu akaingiza jiko la mkaa,
makaa mekundu, safi, bila moshi hata chembe.

Hapo ndipo moto hudanganya.
Moshi angalau hukutukana, ukaamka.
Ile hewa nyingine haina harufu, haina rangi,
inakuvutia shuka begani kama mama yako.

Mimi nilikwenda kuomba kaa moja tu,
kiberiti changu kimelowa.
Nikagonga. Nikaita.
Mtoto wake hulia alfajiri kila siku. Siku hiyo, hapana.
Nilivunja kitasa kwa mchi wa kinu.
Tukawaburuta hadi uani, kwenye tope,
mvua ikawapiga usoni, wakakohoa,
mtoto kwanza, kisha mama.
Sijawahi kusikia kikohozi kitamu kama kile.
Bajaji, hospitali, oksijeni,
Mbagala ikashinda bila uji wangu.

Siku ya tatu aliporudi nikamuuliza
jina lake huko kwao lina maana gani.
Akacheka ameshika kichwa, bado kinamgonga.
"Tumepona," akasema.

Siku hizi anayekuja kuomba moto ni yeye,
na kigae mkononi, mtoto mgongoni.
Namchagulia kaa lililoshika vizuri.
"Lakini halivuki kizingiti," namwambia.
Kila siku namwambia.
"Nimesikia, mama uji," ananijibu,
naye ameshachoka kunisikia.
Usiku, kabla sijafunika makaa yangu kwa jivu,
natoka hadi kona ya ukuta
nione jiko lake limelala nje,
peke yake, mdomo wazi.