Giza la Pili

Walukuba, Jinja, saa tatu usiku. Umeme umekatika
tangu adhuhuri; mafundi wanasema waya, majirani wanasema bili.
Natandaza miguu mitatu ya stendi kwenye saruji iliyopasuka,
nauning'iniza mfuko wa mawe katikati yake
upepo wa ziwani usije ukanitikisia kazi.

Shangazi Nangobi amevaa gomesi ya zambarau,
mabega yake yamesimama wima kama mapaa mawili.
"Kiwanda kionekane nyuma," anasema.
"Nilikipa miaka kumi na tisa."

Tundu: nane. Wepesi wa kihisi: mia nne.
Lenzi ni ya kumi na nane, kwa hiyo sekunde ishirini na tano;
ukizidisha hapo nyota zinaanza kuburura mikia,
maana dunia haijui kutulia kwa ajili ya picha.
Taa ni chemli moja, juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Usipumue sana, shangazi."
"Unanipiga picha au unanivika sanda?"

Kilango kinafunguka: ka.
Moja. Mbili. Tatu.
Watoto wa Waiswa wanapita mbio na tairi: hawatakuwemo.
Paka: hatakuwemo.
Boda inakata kona. Dereva hatakuwemo, wala abiria wake na kuku wake,
itabaki taa ya nyuma tu, uzi mwekundu
uliovutwa toka ukingo hadi ukingo, ukipita magotini pa shangazi.
"Ungekatika uzi kama huo," anasema, "mtambo namba saba
unasimama, na msimamizi anakuja na mdomo wake."
Naye wake mwenyewe, tayari, umekuwa wa watu wawili.
Kumi na tisa. Mbu. Mkono unainuka.
Ishirini na tano.
Ka.

"Tayari?"
"Bado."
Kioo ni cheusi. Kitaa kidogo chekundu kinapepesa.
"Sasa inafanya nini?"

Namweleza: imefumba jicho, inapiga picha nyingine,
ya giza tupu, kwa sekunde zile zile,
ione chenga zake yenyewe,
vile vidoti vyekundu na buluu vinavyozuka kihisi kikipata moto,
kisha izitoe kwenye ile picha ya kwanza.

"Yaani inajikagua?"
"Inajikagua."
"Mume wa hivyo ningekaa naye."

Halafu akasahau kwamba nipo.
Mabega ya gomesi yakashuka.
Akageuka, akakitazama kiwanda, madirisha yasiyo na vioo,
kama mtu anayesubiri honi ya saa nne
zamu ya usiku iingie,
akatamka jina moja, Mukose,
bila kuita, kama mtu anayesoma kibao mlangoni.
Mkono ulikuwa umetua pajani. Hata mwali wa chemli haukucheza.
Sekunde kumi na moja hivi, labda kumi na mbili.
Nilizihesabu kwa kuwa sikuwa na la kufanya.

Kioo kikawaka. Picha safi, haina hata doti.
Akavaa miwani.
"Mkono wangu wa kulia uko wapi?"
"Ulikuwa unafukuza mbu."
"Na uso huu uliokorogwa?"
"Ulikuwa unasema."
Akaisogeza kamera mbali, akairudisha karibu.
"Kiwanda kimetoka vizuri," akasema,
akanidai nakala mbili, moja ya fremu.

Usiku huo, kitandani, nilifungua menyu,
nikashuka mstari kwa mstari hadi *kupunguza chenga*,
nikaizima.
Wateja wananung'unika: harusi ina vidoti, anga lina upele.
Nawaambia ndivyo kamera ilivyo.

Ile ya giza kamera haiihifadhi. Huitumia, ikaitupa.
Nimeitafuta kwenye kadi,
nimeitafuta hata kwa programu ya kufufua vilivyofutwa.
Zimerudi picha za ubatizo wa Bugembe, mbuzi, kidole changu mwenyewe.