Safu ya Rangi

Kila Jumanne, kabla ya kahawa,
nashuka mteremko wa nyuma ya ukuta
hadi penye bomba la saruji, chini kabisa,
mahali ambapo bwawa hutoa jasho.
Nakinga chupa ya achari, nahesabu sekunde,
naiinua juani.

Ndiyo kazi yenyewe. Mengine ni kufyeka.

Baba, Verlyn Tschetter, aliifanya miaka thelathini na mmoja
ndani ya koti lile lile la turubai.
Bwawa la udongo lisilovuja, alisema, halijajengwa bado.
Usiogope yanayotoka.
Ogopa yanayotoka na kitu.
Nilipokuwa na miaka tisa nilisokomeza matambara bombani
nikidhani naziba ufa.
Aliyachomoa moja moja, hakunichapa:
ukiyanyima maji mlango
yatajichongea wa kwao,
na hutaambiwa ni wapi.

Ndiyo maana ukutani petu hapana mti.
Mche ukifika unene wa kidole tunaung'oa,
kwa sababu mzizi hufa, huoza, huacha njia.
Fuko tunawatega.
Ukipita barabarani utadhani ni kilima
kilichochoka kikajinyoosha kwenye nyasi.

Huku Dakota wapo bado wanaokumbuka
kijito cha Kobe kabla hakijafungwa:
Aprili kilibeba daraja, nguruwe wa akina Hofer
na kinanda cha kanisa,
na Agosti ile ile ungekivuka
na viatu vya harusi.

Lakini mafuriko yanataka bwawa tupu,
mahindi ya Julai yanataka bwawa lililojaa,
na ufunguo wa lango ni mmoja,
unaning'inia jikoni kwangu
kando ya kalenda ya duka la mbegu.

Machi ile theluji iliyeyuka usiku mmoja, mvua ikiisukuma.
Maji yakapita kigingi cha saba. Cha nane.
Saa kumi na moja alfajiri nikakinga chupa kwa mwanga wa tochi:
rangi ya chai iliyoonjeshwa maziwa.
Nikamwaga. Nikakinga tena.
Nikakaa juu ya jiwe lenye barafu.

Delbert Hofer akapiga simu.
"Ngoja hadi mchana, Arlys.
Ukifungua umetumwagia Julai."
"Najua," nikasema.
Nikazungusha gurudumu la lango mara mia na arobaini,
ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma,
na Julai ikapita chini ya miguu yangu
ikinguruma.

Kufikia Alhamisi chupa ilikuwa safi.
Wahandisi walikuja, wakachimba,
wakapata tundu la fuko, au njia ya mzizi,
au si kitu.
Ripoti yao ina neno "huenda" mara kumi na mbili.
Mahindi yaliishia kiunoni,
yakajisokota majani kama sigara.
Kanisani benchi langu likawa na nafasi tele.

Maji yakimwagika hayazoleki,
na ukuta ambao haukuanguka
hauwezi kunitolea ushahidi.

Daftari la baba lina safu nne:
tarehe, kina, sekunde, rangi.
Kwenye rangi ni "safi", "safi", ukurasa hadi ukurasa,
mwandiko ukizeeka, herufi zikianza kutetemeka
lakini neno ni lile lile.
Mimi asubuhi ile niliandika "chai",
nikafuta,
nikaandika tena.

Jumanne iliyopita Delbert alinitangulia bombani.
Chupa ameiinua juani, jicho moja amelifumba,
maji yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko.
Hakunisalimu.
"Na hii," akauliza, "wewe unaiitaje?"

Nikaitazama muda mrefu.
Ilikuwa safi.
Nadhani ilikuwa safi.