Jino la Mbuzi

Mara tatu nilimfundisha mama usiku ule,
sinia la chai likiwa ndiyo mashine:
Simu hapa. Sarafu hapa. Viatu, ukiambiwa.
Maji hapana. Uturi, chupa isiyozidi kidole.
Wala usitaje bomu, hata kwa mzaha.
Aliitikia kila neno kama anayehesabiwa vidonge,
kisha akauliza: "Na udi wangu je?
Atajuaje ni udi, si baruti?"
"Atanusa."
"Basi ni mtu wa maana."

Ilibaki bangili.
Ya fedha, nzito, ya bibi yake wa Siyu,
iliyoingia mkononi mwake kabla sijazaliwa
na haikutoka hata mwaka ule alipovimba kwa ndui ya maji.
Nikaleta beseni la bati, sabuni, mafuta ya nazi,
nikakunja mikono ya kanzu kama mkunga.
Ikateleza yenyewe.
Ikagonga bati, sabuni bado kavu.
Tukaitazama, mimi na yeye.
"Ala," akasema, "imekua."

Asubuhi boti ya Famau ikatuvusha hadi Manda
kwa muda wa visa viwili vya jirani na nusu ya cha tatu.
Foleni ilikuwa fupi. Mbele yetu mwanamume
alivua mshipi, akazuia suruali kwa viwiko.
Mama alinyooka.
Kitambulisho mkononi kabla hajaulizwa,
tiketi imekunjwa ndani ya barua ya hospitali,
makubadhi kwenye trei, la kulia kulia.
Akaingia ule mlango usio na nyumba
kwa bismillahi,
na mlango haukusema kitu.
"Mama, wewe umezoea," akasema Nafula, afisa wa zamu.
"Nimetembea sana," akadanganya mama,
ambaye mbali kwake ni Mokowe.

Ukakwama mkoba wangu.
Ukaenda mbele, ukarudi, ukaenda tena.
Nafula akamwita mwenzake, wakakodolea kioo.
"Dada, hiki chenye meno ni nini?"
Mimi, mwalimu wa sinia, nikaapa sina kitu.
Akafungua zipu. Ndani leso,
ndani ya leso gazeti,
ndani ya gazeti chuma cha mbuzi ya nazi,
kimechomolewa kwenye kiti chake,
ulimi bapa, meno yamezunguka ncha.
Nikamgeukia mama.
"Ulinena nisitie chuma kwenye mkoba *wangu*."

Komora, mtu wa Mto Tana, alicheka hadi akashika meza.
"Kwetu hiki hakimshtui mtoto.
Lakini juu hakikai na abiria."
Begi letu kubwa lilikuwa bado chini;
akakifunga utepe, akakipeleka mwenyewe
kwa mikono miwili, kama mgeni rasmi.
"Nairobi tui huuzwa kwenye pakiti," nikamfokea mama.
"Nimeambiwa," akajibu. "Ndiyo sababu."

Tukakaa chini ya feni kungoja.
Akatoa bangili kwenye kikoba cha sarafu, akaivaa.
Kila alipoinua mkono kufukuza nzi
ilipanda hadi karibu na kiwiko,
ikashuka, ikapanda.
Sikusema. Ile barua ilikuwa na maneno ya kutosha.
Rubani akapita na kikombe chake.
"Umeona?" mama akasema. "Tumepita bila taabu."
Nikamshika pale bangili ilipokuwa ikibana.
Kidole gumba na cha kati
vikakutana,
vikapitana.