Sikio la Kushoto

Nilikuwa mpiga mzinga. Sikio langu la kushoto
nililiacha ng'ambo ya Mto Kagera, mwaka wa sabini na tisa.
Kwa macho ni zima. Lakini halisikii.
Nikarudi Matamba na begi, blanketi la kijivu,
na cheti kilichokunjwa mara nne.

Kwetu baridi haina adabu,
huingia bila hodi ikakaa mpaka Agosti.
Nikalima viazi, nikalima pareto,
nikazoea kumkalisha mgeni kulia kwangu
na kuitikia "ndiyo" kwa nisilolisikia.
Kanisani walidhani nina maringo.
Mara mbili nimenunua mbuzi nisiyemtaka
kwa sababu ya hiyo "ndiyo".

Miaka arobaini na mitatu.

Ndipo goti la Ndinagwe likavimba.
Tukateremka kona zote hamsini na saba hadi Chimala,
kisha Mbeya, hospitali ya jeshi,
fedha ya mtamba niliyemuuza nimeifunga kwenye soksi.
Koplo wa mapokezi, binti mdogo, aliniita kutoka kushoto.
Akaita tena. Mimi nasoma tangazo la malaria.
Akainuka, akazunguka meza, akasimama kulia:
"Baba, ulikuwa kikosi gani?"
Nikaitaja namba yangu ya jeshi kwa pumzi moja.
Namba ile haijapata kutu.

Droo ilikwama; aliipiga kwa goti.
"Fomu hizi zipo siku zote, baba.
Hakuna anayeziulizia."

Basi haki yangu ilikuwa imekaa drooni humo,
mguu juu ya mguu,
ikingoja niiite kwa jina ambalo sikuambiwa.
Goti la mke: halilipiwi.
Sikio: kuna kifaa.
Na nikifa, kuna jeneza, kuna gari la kunipandisha mlimani,
hata tarumbeta.
Nilicheka mpaka koplo akaogopa.
Kumbe safari ya mwisho imeshalipiwa nauli,
na hii ya leo nimeiuzia mtamba!
(Sasa ana ndama wawili, kwa jirani yangu Sanga.
Nikipita pale naangalia upande wa pili.)

Tangu hapo sikai.
Nimepanda Ujuni, nimeshuka mpaka Ikuwo,
kwa Yoramu Mahenge aliyerudi na vidole vinane,
kwa mjane wa Fungo, ambaye cheti cha marehemu
alikizibia tundu la dirisha, upepo usimsumbue.
Tulikibandua taratibu, kwa maji ya uvuguvugu.
Sura ya Fungo ilifutika. Namba ilibaki.
"Kaulize," nawaambia. "Usiombe. Uliza."

Changu kilifika baada ya miezi saba na safari tatu,
kidogo kama haragwe.
Nikasikia mvua juu ya bati, pande zote mbili.
Nikasikia kuni za miwati zikilalamika motoni.
Nikasikia sauti yangu, wala sikuipenda.

Usiku ule nilisahau kukivua.
Ndinagwe hulala kushoto kwangu, tangu tuoane.
Taa ilipozimwa akaanza, kwa Kikinga, chini chini:
habari za mtoto wetu ambaye hakufikia ubatizo,
umri ambao angekuwa nao sasa;
deni la chumvi; dada yake;
na mimi, jinsi nilivyorudi nusu
na yeye akaipokea hiyo nusu, hakusema kitu.
Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akizungumza
na upande wangu uliokufa,
kama mtu aendaye makaburini kupalilia.

Sikutikisika. Nilipumua kama aliyelala.

Siku hizi, kabla ya kupanda kitandani,
nakichomoa kile kifaa,
nakidondosha ndani ya kikombe cha bati
kwa nguvu kidogo, ili mlio wake asiukose.
Anangoja.
Kisha naona shuka likisogea karibu na bega langu,
na pumzi yake, yenye joto,
inaanza.