Madaftari Matano

Jumapili baada ya misa walinichagua kwa vifuniko vya bia.
Makopo mawili ya maziwa kwenye meza ya Mama Chola,
moja limeandikwa KABWE, la pili BINTI MONGA,
maana jina langu karani hakulikumbuka,
la baba yangu hakuna aliyelisahau.
Kifuniko kikidondoka kopo hulia,
kwa hiyo Katuba yote ilihesabu kwa sikio.
Thelathini na moja kwa kumi na tisa.
Mweka hazina, chama cha mazishi, miaka miwili.

Wakanipa ufunguo mmoja wa sanduku lenye kufuli tatu,
na madaftari matano ndani ya gunia la unga.

La kwanza ni la hamsini na sita. Mwandiko wa Kilufya,
herufi zimenyooka kama watoto mbele ya padri.
Faranga tano kwa kila kichwa, kila mwezi,
kwa sababu kampuni ilitoa mbao kwa mfanyakazi;
mama yake mfanyakazi, hilo lilikuwa shauri lake.

La pili, feza ina picha ya msalaba wa shaba,
kama ile misalaba ambayo mababu walilipia mahari.
Nchi ilibadilika, ikabadilika tena.
Daftari ni lile lile. Bei ya misumari ilipanda kidogo.

La tatu ni la Numbi, muuza makala.
Redio ilisema usiku: noti kubwa zimekufa,
anayezo azipeleke benki, siku ni chache.
Alilala mlangoni, kanga kichwani, feza za wafu tumboni,
na dirisha likafungwa watu sita mbele yake.
Hakuzichoma. Alizibandika kwa uji wa unga
ukurasa mzima, kama picha za arusi,
akaandika chini yake: *Hizi hazikuibwa na mtu.*

La nne, sufuri zimetoka nje ya mistari,
zinapanda ukingoni kama sisimizi wa mvua.
Kisha sufuri zinakoma.
*Unga, makopo mawili. Makala, nusu gunia.
Misumari kumi na minne, mmoja umepinda.*
Mwandiko huu naujua. Ndio uliotia sahihi
ripoti zangu za shule.
Halafu kurasa tatu zimekatwa kwa wembe,
safi kabisa, kazi ya mtu asiyetaka kuharibu daftari.

Baba alisema alikopa.
Baadaye alisema ziliibwa siku ya uporaji.
Baadaye hakusema tena,
alikula bukari yake akiutazama ukuta,
nasi watoto tukajifunza kutomwomba feza ya kalamu.

La tano ni la Mama Chola, kalamu ya kijani.
Nililifungua katikati, bila kutafuta, nikakuta:
*Sanduku la Monga, mweka hazina wa zamani. Limelipwa lote.
Deni lake: tazama daftari la nne, ukurasa haupo.*

Nikamfuata uani. Alikuwa anatwanga sombe.
Mlimzika kwa feza gani, ikiwa aliwala?
Hakuacha kutwanga.
«Kuiba kulikuwa kwake. Kumchagua kulikuwa kwetu.
Sisi tulilipa upande wetu.»
Na mimi je, mbona mmenichagua mimi?
«Wewe utahesabu mara mbili.»

Nimehesabu mara tatu.
Faranga zimelowa jasho la soko, nazifungia mpira kumi kumi.
Dola kumi na tisa, na ya ishirini imechanika pembeni,
mjini hakuna duka litakaloipokea.
Nani aliileta? Najua. Mjane wa karani, macho yamemchoka.
Naiandika: dola moja, imechanika.

Umeme umekatika. Naandika kwa mshumaa,
mstari wangu wa kwanza, polepole,
mkono unavuta herufi kama mkono wa baba:

*Nimepokea leo madaftari matano.
Kurasa zimehesabiwa.
Zinazokosekana, tatu.*