Mbachao, Toleo la Pili

Al-Khoudh, saa nane usiku, kiyoyozi kinakohoa.
Kwenye kioo nimefungua mawili:
toleo la nne, linang'aa kama sinia la harusi,
na la pili, lile nililotangaza
kwamba litazikwa mwisho wa Disemba.

Nilitangaza kwa adabu. Ndugu watumiaji, niliandika,
mikono ni miwili na usiku ni mmoja.
Kijana wa Yazd akajibu kwa moyo mwekundu.
Wa Sharjah akauliza, nani bado analo hilo kongwe?

Muhanna analo.
Karani wa falaji, kijiji cha juu ya Samail,
kompyuta yake rangi ya meno ya mnywa kahawa,
feni imejaa chavua za mitende.
Toleo la nne halimei pale. Nimejaribu.

Jana baada ya alasiri kanipigia:
"Binti, kijiji cha chini wanagombana juu ya maji."
"Wewe je?"
"Mimi na la pili langu hatuna neno.
Wao ndio waliohamia jipya. Ndimu za Bi Ghusuni
zinakunja majani, naye anamlaumu jirani."

Nikashuka ndani ya msimbo wa zamani,
wa Bi Shinuna, mzaliwa wa Chake,
aliyekuja Maskati na cheti cha hesabu
akaajiriwa kugawa maji ya watu.
Vigeu kavipa majina ya kwao: zamu, lango, kiu.
Naam, kiu: maji yaliyotolewa, ukitoa yaliyofika.
Na juu kabisa kaandika:
Chukua. Tumia. Badilisha utakavyo.
Ukimpa mwingine, mpe na ruhusa hii.

Mstari wa mia tatu na kumi na mbili:
kila zamu, ongeza dakika nne.
Pembeni, maelezo: Usiguse. Udongo nao hunywa.

Mstari huo naujua.
Ni mimi niliyeufuta, miaka mitatu nyuma,
nikaandika kwa kujiamini, "nimesahihisha kosa la hesabu,"
na watu kumi na mmoja wakanipongeza.

Udongo nao hunywa.
Mfereji ukikauka kati ya zamu na zamu,
maji ya kwanza si ya mtu.
Bi Shinuna aliufuata kwa miguu, viatu mkononi, saa mkononi.
Mimi majaribio yangu yote yalipita, kijani tupu,
na sikuondoka kitini.

Desturi yetu, kiraka hushonwa kwenye jipya
kisha kikarudishwa kwenye kuukuu.
Usiku huu kinakwenda kinyume:
nakata kitambaa kwenye kanzu ya zamani
nakishonea kwenye ile yenye bei bado shingoni.
Dakika nne. Mstari mmoja. Jina lake kiu.
Maelezo nimeyaacha kwa Kiswahili.
Kijana wa Yazd atauliza maana;
nikimwambia hatashangaa,
kwao nako maji hupita chini ya ardhi yenye kiu.

Mama alikuwa akisema, usiache mbachao
kwa msala upitao.
Nami nikidhani anasema juu ya waume.

Karibu na alfajiri nalifungua lile tangazo.
Nafuta Disemba.
Mwezi mwingine sijauandika, na mikono bado ni miwili.
Kule juu Muhanna anainua lango, hana habari.
Kule chini ndimu za Bi Ghusuni
zinangoja mtu aamke, awashe mashine,
abonyeze: sasisha.